Kipimo cha Mtu Mmoja

Fundi wa bunduki humkuti barabara kuu. Umtafute nyuma, ukishawapita mchomelea vyuma na mshona viti vya magari, kwenye mlango usio na kibao, kwa sababu wanaomhitaji wanaujua na wasiomhitaji ni afadhali wasiujue. Huyu wetu alikuwa na chumba kimoja chenye dirisha refu na meza iliyokunywa mafuta mpaka ikawa nyeusi. Mtaani walimwita Mkono. Mdogo wake, aliyefanya naye kazi tangu wote wawili hawajaota ndevu, walimwita Jicho. Wateja waliyataja majina hayo kwa pumzi moja: naipeleka kwa Mkono na Jicho.

Na kweli kazi yao ilihitaji wote wawili. Bunduki ya marisau, ile inayotema punje nyingi kwa mlio mmoja, ina mtutu wenye upana wake, lakini ukikaribia mdomoni mtutu unabanwa kidogo, kiasi cha unywele au zaidi. Mbano ukiwa mkali, marisau hutoka yameshikana. Ukilegea, hutawanyika mapema. Sasa ukipima mdomo peke yake hujapima kitu. Mbano ni tofauti kati ya mdomo na tumbo la mtutu, ule upana wa ndani, kwa hiyo lazima upime kote kuwili.

Walikuwa na kipimo chao, fimbo ndefu ya chuma yenye miguu midogo upande mmoja na namba upande wa pili. Mkono aliushika mtutu dirishani na kuisukuma miguu ndani, akiipanua taratibu mpaka vidole vimwambie. "Imegusa," anasema. Jicho, kule mwisho wa fimbo, anasoma namba. Mkono anairudia. Jicho anajibu, "Imekaa." Hapo ndipo namba inaandikwa mezani kwa chaki. Namba iliyotoka kinywa kimoja hawakuihesabu kuwa namba.

Kisha macho ya Jicho yakaingia ukungu. Mtaa haukukosa la kusema, walicheka weee, kwamba ya nini kumpa mtu jina zito namna hiyo. Mwanawe akaja kumchukua akaishi naye ng'ambo ya mpaka. Mkono akabaki na meza, redio inayokoroma, na kazi zilizozidi kupungua, kwa sababu kila aliyeleta mtutu wa kupima alirudishwa kwa maneno ya adabu. Na miguu ya kile kipimo cha zamani ilikuwa imelika. Ikawa inapwaya ndani ya mtutu kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha babake.

Binti yake, aliyeolewa mji mwingine, alimwambia bila kuzunguka, "Baba, funga hicho chumba uje kwetu. Unamsubiri nani?"

"Kuna bunduki ya mama mmoja hapa, ya kufukuza nguruwe pori shambani. Mbano wake umezidi, anataka ulegezwe. Nikiweza kuimaliza peke yangu, nabaki. Nikishindwa, nakuja."

"Umesema mwenyewe, eti?"

"Nimesema."

Haikuwa kazi ya kubahatisha. Chuma kikishakunwa hakirudi. Ukikosea namba, umemharibia mtu mtutu, na mama yule hakuwa na bunduki nyingine. Kwa hiyo kesho yake asubuhi Mkono alikwenda duka la vifaa, kununua kipimo kipya.

Muuzaji alikuwa mtu wa maneno. Alimtolea kwanza koni ya shaba yenye ngazi ngazi, kila ngazi imechorwa jina la mbano wake. "Hii unaitumbukiza mdomoni, inapokwama ndipo jibu. Hata mama mkwe wangu angeweza, naye kisu cha mboga tu kinamkata kila siku."

"Inapima mdomo tu," Mkono alisema. "Tumbo je?"

"Tumbo si la kiwandani? Lichukulie ndivyo lilivyo."

"Huu mtutu umesuguliwa miaka na miaka. Tumbo lake si la kiwandani tena."

Muuzaji akairudisha koni bila kinyongo, akaleta vingine viwili. Kimoja kilikuwa fimbo ndefu, ndugu kabisa wa kile cha zamani, ila namba zake mpya zinang'aa. Cha pili kilikuwa kifupi, chenye uso wa duara kama saa karibu na mpini, mshale, na kifungo pembeni: ukikibonyeza mshale unaganda palepale ulipo, unachomoa, unasoma kwa nafasi yako.

Mkono wa Mkono ukaenda wenyewe kwenye fimbo. Akaigeuza, akapima uzito wake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hiyo ni ya watu wawili, mzee," muuzaji alisema. "Wa pili nani?"

Mkono akairudisha fimbo mezani. Alitoka nje, akasimama kwenye kivuli cha paa la duka, akampigia mdogo wake.

"Chukua cha saa," Jicho alisema mara tu aliposikia hadithi.

"Na ukirudi?"

"Nikirudi nitasoma nini, kaka? Jana nimeliamkia koti ukutani. Nikaliuliza na habari za nyumbani." Akacheka, na Mkono akacheka, mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Kisha Jicho akasema polepole, "Usininunulie kipimo mimi, kaka yangu. Jinunulie wewe."

Akanunua cha saa.

Chumbani aliufunga mtutu kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, akaweka matambara pande zote mbili usichubuke. Kipimo kilikuja na pete ya chuma ya kukipangia: unakiingiza kwenye pete, unazungusha uso wa saa mpaka sifuri ikae chini ya mshale. Kazi ya kupanga sifuri miaka yote ilikuwa ya Jicho, na Mkono aliifanya kwa uangalifu wa mtu anayevaa nguo za mwenzake. Akakiingiza tumboni mwa mtutu. Akabonyeza, akachomoa, akasoma kwa sauti. Redio ikakoroma. Akaandika.

Uso wa saa ulikuwa na mafuta ya vidole. Akaupangusa kwa aproni, akapima mdomo, akasoma, akatoa hesabu. Mbano ulikuwa mkali kupita alivyotarajia, mkali ajabu. Basi kuna cha kukuna kingi, aliwaza, na akakichukua kile chuma chenye meno cha kupanulia, akakipaka mafuta, akakielekeza mdomoni mwa mtutu.

Hakuingiza. Alisimama hivyo, amekishika, na haikuwa hekima wala mzuka. Alikuwa anasubiri neno. Mwili wake ulikuwa haujafundishwa kukata kabla ya kusikia "Imekaa", na mle chumbani hapakuwa na wa kulisema.

Akaweka chuma chini. Akapima upya, safari hii akianzia mdomoni. Namba ya mdomo ikawa ileile. Ya tumbo ikawa nyingine kabisa.

Alikirudisha kipimo kwenye pete, na mshale ukakataa sifuri. Hapo ndipo alipoelewa: uso unaozungushwa kwa vidole unazungushwa pia na aproni. Alipoupangusa aliusogeza, na kila alichopima baada ya hapo kilikuwa uongo. Pembeni palikuwa na skrubu ndogo ya kuubana, ambayo Jicho angeigusa kabla hata hajavaa miwani.

Akaibana. Akapanga sifuri. Akapima tumbo, akapima mdomo, akarudi kwenye pete. Akarudia yote kuanzia mwisho. Namba zikakubaliana. "Imekaa," alijiambia, na sauti yake ilimshtua, kavu kama ya mtu aliyeamshwa. Akakuna kidogo, akapima, akakuna, mpaka mbano ukawa pale mama alipoutaka.

Mama akaja, wakaenda machimboni kuijaribu bunduki kwa kupiga ubao. Marisau yakatawanyika sawasawa. Mama akaupapasa ubao kwa kiganja.

"Safi, fundi. Na yule mwenzako wa macho?"

"Yuko kwa mwanawe."

"Sasa nani anakusomea?"

"Najisomea."

"Eh," mama alisema, akafunga bunduki yake kwenye turubai.

Jioni binti akapiga. Aliuliza mgongo, akauliza chakula, kisha akafika kwenye swali lenyewe. "Na ile bunduki?"

Ilikuwa rahisi. Neno moja lingetosha, imenishinda, na wiki hiyohiyo angekuwa ndani ya nyumba yenye watoto wanaogombana na mtu wa kumwambia chai inapoa. Nani angejua? Alilionja lile neno mdomoni.

"Imetoka vizuri," alisema.

"Kwa hiyo unabaki."

"Nabaki, mwanangu."

"Sawa, baba. Tulikubaliana." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nimeshakipaka rangi chumba chako."

"Rangi gani?"

"Kijani. Si ndiyo unayoipenda?"

Hakuwahi kujua kwamba anapenda kijani. Alitaka kumuuliza alijuaje, lakini mtoto akalia kule nyuma, binti akasema atapiga tena, na simu ikakatika. Mkono akachukua ufagio, akaanza kufagia vumbi la chuma chini ya meza.