Msitu Ukutani kwa Mama Yustina

Harufu ya udongo mbichi uliokandwa pamoja na majani ya maharage ilinipokea kila nilipokaribia nyumba ya Mama Yustina, jirani yetu wa pekee upande wa bondeni, katika kijiji cha Titye. Nilikuwa bado msichana mdogo. Mama yangu alikuwa amekwenda Kigoma mjini kutafuta kazi, akaniacha kwa bibi, ambaye alishinda shambani na kurudi amechoka hata asiweze kuongea. Masika yale ukungu ulikaa vilimani hadi adhuhuri, nami nikaujua upweke kabla sijalijua jina lake.

Mama Yustina alikuwa mjane, mtoto wa wakimbizi kutoka Burundi. Wanawe walikuwa wamevuka mpaka kwenda kutafuta ardhi ya babu yao, yeye akabaki. Hakuna aliyemfundisha kuchora. Alitafuna ncha ya kijiti hadi ikawa brashi, akachovya kwenye udongo mwekundu, chokaa na masizi ya chungu, akajaza kuta za ndani msitu ambao hakuwahi kuuona: majani mapana kama milango, maua makubwa kuliko ndege, chui mwenye macho ya mtu, nyani aliyeketi wima kama yuko kanisani. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikimtazama, na mchana ukapita bila sisi kusemezana sana. Kila mnyama alikuwa peke yake. Siku moja nikamuuliza kwa nini chui hana mwenzake. Hakugeuka.

"Wengine bado wako njiani," alisema.

Usilolijua ni usiku wa giza. Wapita njia waliochungulia mlangoni wakaanza kusema kwamba yale ni mapepo, na bibi akanikataza kwenda. Nilitii kwa muda, nikishinda barazani nikisikiliza mvua juu ya bati, kisha nikatoroka. Bibi alinifuata na fimbo. Alipoingia alisimama mbele ya ukuta, maji yakichuruzika kwenye kanga yake, nami nikajikunyata nikingoja kupigwa.

"Huyu anakula nini?" aliuliza hatimaye, akimwonyesha chui.

"Sijampa kitu bado, mama," Mama Yustina akajibu.

Bibi akaketi. Tangu hapo alipitia pale kila alipotoka shambani, na ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akisema kwamba anamkumbuka marehemu babu, na kwamba hata yeye humngoja mama yangu.

Kiangazi kilipoanza, wanawe Mama Yustina wakatuma mtu kumchukua mama yao. Kabla ya kuondoka alinishika kichwa, akaniomba niwe nafungua mlango ili ukuta upate hewa. Nilifungua kila siku. Lakini nyumba isiyo na moto wa kukausha paa haidumu. Masika yaliyofuata paa lilivuja, chokaa ikachuruzika, na msitu wote ukarudi kuwa tope. Mama Yustina hakurudi, wala hatukupata habari zake.

Leo naishi Kasulu mjini. Wanangu wanawaona wanyama wa misitu yote ya dunia kwenye televisheni, wakipita makundi kwa makundi. Jioni tunakaa sebuleni kimya, kila mmoja ameinamia simu yake. Kimya cha bondeni tulikikaa wawili, baadaye watatu. Hiki cha sasa nakikaa peke yangu, na nyumba imejaa watu.