Ubao wa Kichwani

Harufu ya mbao ya saiprasi iliyotoka kupigwa randa hunirudisha Kawangware popote nilipo. Ni harufu kali yenye utamu kwa ndani, na mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ndiyo iliyonipokea kila nilipotoka shule. Mama alikuwa ameenda kwao, upande wa ziwa, kumzika nyanya yangu, na matanga yalipokwisha hakurudi. Alituma maneno kwa jirani: amechoka kulala kwenye mkeka katika nyumba ya fundi anayewatengenezea watu wote vitanda. Watu wa ploti walicheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, sina ndugu, na chumba chetu kilikuwa kimya hata nikawa nazungumza na sufuria.

Wiki hiyo hiyo Baba alianza kitanda. Alikifanya kidogo kidogo, kila alipopata nafasi baada ya kazi za wateja, na mimi kila nikizitazama zile mbao nilimwona Mama akishuka kwenye basi. Nikawa nakaa karibu na meza ya kazi nikimtazama Baba na randa yake. Aliigeuza juu chini, akafumba jicho moja, akaangalia makali yalivyochungulia. Yakitoka sana, randa huuma mbao na kukwama. Yakitoka kidogo mno, huteleza bure na kukuchosha mikono. Aliyarekebisha kwa kugonga na nyundo ndogo, akapaka nta ya mshumaa chini ya randa, kisha akasukuma, na maranda yakatoka marefu na mepesi yakijikunja kama utepe. Mwisho alipitisha kiganja juu ya ubao akiwa amefumba macho. Alisema vanishi haifichi kitu, huanika kila kosa.

Jumamosi moja alienda Makina kwa miguu kumpelekea mteja kiti. Ubao wa kichwani ndio pekee uliokuwa umebaki, na nilijua ukishalainishwa kitanda kimekwisha. Nikapanda juu ya kreti, nikaishika randa kwa mikono miwili. Mwanzo ilikwenda vizuri, moyo ukanidunda kwa furaha. Kisha, karibu na fundo la ubao, ikakwaruza na kung'oa kipande. Nilidhani sikuweka nguvu ya kutosha, nikasukuma tena, na kidonda kikazidi. Baba aliporudi nilimweleza yote nikilia, hata habari ya Mama na basi. Akanisogeza kwenye ubavu wa ubao.

“Angalia hii mistari. Inapanda ikienda wapi?”

Nikaonyesha kwa kidole.

“Basi fuata hiyo. Geuza mbao, mama, ujaribu tena.”

Nikaugeuza, na mahali pale pale pakaanza kulainika. Lakini kidonda kilikuwa kimeingia ndani sana, na kukimaliza kungeuacha ubao mwembamba mno. Baba akasema mto utakifunika.

Mama hakuja. Alipopelekewa habari kwamba kitanda kiko tayari, alijibu kwamba ameshalima shamba, na ndipo nilipoelewa kuwa kitanda hakikuwa sababu. Baba aliendelea kulala kwenye mkeka, akaniachia mimi kitanda cha watu wawili. Nililala hapo peke yangu miaka mingi, kidole kikiwa ndani ya kile kidonda, na niliumia kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Siku hizi vitanda hununuliwa madukani, laini kila upande, na huwezi kujua nani alivigusa. Mimi nimekihifadhi kile kile. Mwaka jana Mama, sasa mzee, alikuja kwangu, mtaa wa Ayany, kutibiwa, nikampa alale juu yake. Asubuhi nilipokuwa nikimwekea mto sawa, mkono wake ulipita kwenye ubao ukasimama.

“Fundi gani alikuharibia mbao hivi?”

Nikamwambia ni mimi, nikiwa mdogo. Alicheka kidogo, akasema inaonekana nilikuwa na haraka. Nikakubali kwamba nilikuwa na haraka. Hakuniuliza haraka ya nini.