Pikipiki Mbili na Lambo Lililokauka

Miaka yote ya ndoa yake, Arlys Odegaard aliiona dunia kwa juu ya bega la mumewe. Delmar mbele ameshika usukani, yeye nyuma amekaza magoti, na hivyo ndivyo walivyokwenda kila kiangazi: milima ya Wyoming, mabonde ya Montana, hadi kwenye maziwa makubwa ya kaskazini. Siku za kazi alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee pale Ellendorf, mji mdogo wa Dakota Kusini wenye ghala moja refu la ngano na makanisa mawili yasiyosalimiana. Alikuwa mwanamke mfupi, mchache wa maneno, na jikoni kwake hakuruhusu mtu aonje kitu kabla ya wakati.

Delmar alianguka wakati wa baridi akizoa theluji mlangoni. Moyo ulisimama, basi. Pikipiki yake iliuzwa kabla theluji haijayeyuka, maana Arlys hakuweza kupita karakana akaiona imesimama pale. Watu wakadhani habari za pikipiki zimekwisha katika nyumba ile. Lakini majani yalipochipua, Arlys alikwenda mji wa jirani kujifunza kuendesha, akiwa peke yake mwenye mvi katikati ya vijana. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena, akapata leseni. Alipoulizwa sababu alisema hajazoea kukaa kiangazi kizima akitazama ukuta.

Ndipo akaenda kwenye duka la pikipiki la Verlyn Tschetter.

Verlyn alikuwa mtu mkubwa, mwenye ndevu nyeupe na mdomo usiopumzika. Kulikuwa na jambo moja tu asilolizungumza: kaka yake Lyle. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, wote wawili wakiwa vijana, Lyle aliwasha pikipiki yake, akaaga kwamba anakwenda kusini kumwona msichana, na hakuonekana tena. Huyo msichana alisema hakufika. Watu wakasema amekimbilia California, ameichoka kazi ya kukamua ng'ombe. Baba yao alikufa akimlaani. Mama yao, Ottilie, alikuwa sasa miongoni mwa wazee waliopikiwa na Arlys. Pikipiki ikipita barabarani, Ottilie aliweka kijiko chini na kuinua mkono ili meza nzima inyamaze, hadi mlio upotee.

"Zimebaki mbili zinazokufaa," Verlyn alimwambia Arlys. "Injini ni ileile, masanduku ya pembeni ni yaleyale, hata kiti. Tofauti yake ni ngao ya upepo, huu uso wa mbele wenye kioo. Hii nyeusi, ngao imefungwa kwenye usukani. Ukikata kona, nayo inakata. Hii ya buluu, ngao imefungwa kwenye fremu. Ukigeuza usukani, tairi linageuka ila uso unabaki unatazama mbele, kama ng'ombe aliyekataa kuingia zizini."

Arlys akaipanda ile ya buluu, akageuza usukani huku na huku. Kweli, uso haukusogea. Alijisikia kama anayezungumza na mtu asiyetaka kumtazama.

"Hii mbaya," alisema.

"Ngoja upepo wa pembeni ukukute barabara ya Schaefer, ndipo uniambie ipi mbaya. Kwenye nyeusi, upepo unashika ngao, ngao inashika usukani, usukani unakushika wewe. Hii ya buluu imetulia. Nyuma ya kioo chake kimya kitupu, hata ukimeza mate unajisikia."

"Na wewe ungechukua ipi?"

"Mimi na tumbo hili? Upepo wenyewe unaniogopa. Nenda na nyeusi leo, kesho njoo uchukue buluu. Ukiangusha, usinipigie mimi simu. Mpigie mchungaji wako."

Siku ile ilikuwa ya joto kali, jua la utosini, na nyika yote imesimama. Mvua ilikuwa haijaonekana kiangazi kizima. Arlys alitoka mjini kuelekea kaskazini, akaishika barabara ya Schaefer, na kwa maili nyingi ile nyeusi ilikwenda vizuri, nzito lakini sikivu. Panzi walikuwa wakilia kila upande. Kisha akafika kwenye kona ndefu iliyo baada ya shamba lililohamwa la akina Knudsen.

Usukani ulivuta kushoto. Haukushtuka wala kutikisika. Ulikwenda polepole, kama vile mtu ameweka viganja vyake juu ya viganja vya Arlys na kumwonyesha njia. Akauvuta kulia, nao ukakaza. Wakavutana hivyo hadi kona ilipokwisha, ndipo ukamwachia.

Akasimama, akazima injini. Upepo haukuwapo. Majani marefu yalisimama wima, hakuna hata moja lililotikisika, na panzi walikuwa wamenyamaza.

Arlys hakuwa mtu wa kutishika upesi. Akageuza pikipiki, akaipita kona ile tena akitokea upande wa pili, akingoja usukani uvute kushoto kwake kama mwanzo. Safari hii ulivuta kulia. Palepale, upande uleule wa barabara, kwenye majani yaleyale. Akarudi mjini jasho limemkauka mgongoni.

"Ni upepo," alisema Verlyn.

"Hapakuwa na upepo."

"Basi barabara imelala upande."

"Barabara ikilala, inalala. Haikamati mtu mikono."

Verlyn akaiinua ile nyeusi kwenye jeki, akazungusha tairi, akapima hewa, akachungulia kila boliti. Haikuwa na kasoro. "Umeanza kuendesha juzi tu, Arlys," akasema, sasa bila mzaha. "Mikono inachoka. Kesho nenda na ya buluu. Kama hupendi, tutatafuta nyingine."

Kesho yake hali ya hewa ilikuwa ileile. Arlys angeweza kwenda kusini, au magharibi, lakini alijua kwamba akiikwepa kona ile siku hiyo ataikwepa maisha yake yote. Akashika tena barabara ya Schaefer.

Ya buluu ilikuwa kama chumba. Nyuma ya kioo chake hewa ilitulia kabisa. Alisikia zipu ya koti lake ikigongagonga, alisikia pumzi yake mwenyewe ndani ya helmeti. Na katika ule ukimya alijikuta anatega sikio. Delmar alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kila alipotaka kubadilisha gia. Arlys aliona aibu kukiri hata moyoni, lakini alikuwa anakingoja kikohozi kile.

Alichosikia ni injini nyingine.

Ilikuwa nyuma yake, mlio mwembamba wa pikipiki ya zamani, wenye kukwama kidogo kila baada ya mapigo machache. Akatazama kioo cha pembeni. Barabara ilikuwa tupu hadi mwisho wa macho. Mlio ukasogea, ukaja ubavuni, ukawa sawasawa na goti lake la kushoto. Akageuza kichwa. Majani tu. Wakaingia konani hivyo, yeye na ule mlio, na usukani wa buluu haukuvuta hata kidogo. Kisha mlio ukaacha barabara. Akasikia majani yakichapwa, ukafuata kishindo kizito cha kitu kinachoingia majini. Halafu kimya.

Na maji hayakuwapo mahali popote nchi ile.

Aliegesha pembeni. Akashuka kwa miguu kwenye majani, akapanda kituta kidogo, na nyuma yake akaliona lambo la zamani la kunyweshea ng'ombe. Akina Knudsen walipohama, walihama na ng'ombe wao, na ukame ule ulikuwa umelinyonya maji yote. Udongo ulikuwa umepasuka vipande vipande kama vyungu. Hapakuwa na alama ya kwato, ya swala wala ya ndege. Katikati, palipobaki na unyevu kidogo, bomba jembamba lilikuwa limechomoza kutoka kwenye tope, limepinda, na mwishoni pana mpira wa kushikia uliozungushiwa waya wa shaba, umeota kutu ya kijani.

Akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Hakugusa.

Alimkuta Verlyn anakata chuma. "Zima hiyo mashine," akamwambia. Verlyn akazima. "Pikipiki ya Lyle ilikuwaje?"

Uso wa yule mtu mkubwa ukabadilika. "Kwa nini unaniuliza?"

"Niambie kwanza."

"Nyekundu. Injini ilikuwa inakosa pigo, hakuwahi kuitengeneza." Akafikiri. "Na mpini wa kushoto wa usukani alikuwa ameuzungushia waya wa shaba. Mpira ulikuwa unamzungukia."

"Vaa kofia yako twende," Arlys akasema. "Tutakwenda na gari."

Mkuu wa polisi wa wilaya alikuja, na jirani mmoja akaja na trekta na minyororo. Walichimba mchana kutwa. Pikipiki ilitoka nyeusi, imejaa tope, na bado ungeona wekundu chini ya tangi. Lyle alikuwa chini yake, ndani ya koti lake la ngozi na buti zake. Yule mkuu alisema bila shaka kijana aliikosa kona, na lambo wakati huo lilikuwa na kina. Maji yalifunga, magugu yakafunga, na hakuna aliyemtafuta kaskazini kwa sababu mwenyewe aliaga anakwenda kusini. Kwa nini aligeuza njia, hakuna ajuaye mpaka leo. Verlyn alisimama ukingoni na kofia mkononi. Alisema neno moja tu: "Tulimtukana miaka yote hii."

Jioni ile walikwenda wote wawili kumwambia Ottilie. Alikuwa amekaa dirishani, blanketi magotini. Alisikiliza hadi mwisho bila kulia, kisha akamgeukia Arlys.

"Nani alikuonyesha, binti yangu?"

Arlys angeweza kusema lolote. "Nilimsikia," akasema.

Ottilie akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa habari za jirani. "Na mimi nilikuwa namsikia. Ila sikuweza kujua yuko upande gani."

Verlyn alitoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Mazishi yalijaza kanisa, na watu wa kanisa la pili walikuja pia, na keki zao. Wiki iliyofuata Arlys alirudi dukani. Pikipiki zote mbili zilikuwa palepale, zimepanguswa.

"Nipe nyeusi," alisema.

Verlyn akashangaa. "Hiyo ndiyo iliyokukamata mikono."

"Ikinivuta, na mimi nitaivuta. Ile ya buluu ni nzuri, Verlyn. Ni nzuri mno. Nyuma ya kile kioo pana nafasi ya mtu mwingine kusema, na mimi si kila mtu nataka kumsikia."

Verlyn hakuiuza ile ya buluu. Alitoa bango lake la mauzo, akaanza kuipanda mwenyewe Jumapili baada ya ibada, tumbo na ndevu na yote, polepole kwenye barabara ya Schaefer. Mwezi wa Septemba, Arlys akiwa njiani kwenda kaskazini kwa binti yake, alimkuta ameegesha konani, amekaa juu yake, injini imezimwa, helmeti kichwani.

Akasimama, akatoa chupa yake ya kahawa, wakanywa kwa zamu kwenye kifuniko.

"Nimekuja mara nyingi," Verlyn alisema. "Sijasikia kitu. Mimi ndugu yake wa tumbo moja. Wewe hata hukumjua. Kwa nini wewe?"

Arlys alitazama majani upande wa lambo. "Labda kwa sababu nilikuwa natega sikio," akasema. "Nilikuwa namngoja mwingine."

Verlyn alikipangusa kifuniko kwa mkono wa shati, kisha akamrudishia. Upepo ulikuwa umeanza kutoka kaskazini, ule wa baridi wa mwisho wa msimu, na majani yote yakalala upande mmoja. Arlys akawasha ile nyeusi, akaushika usukani kwa mikono miwili, akaondoka.