Kuomba Wadudu kwa Jirani

Asubuhi hii nilikuwa nikichambua kunde nikaponda mdudu mmoja mwekundu bila kukusudia. Harufu yake chungu ilinishika vidoleni, nikanawa mara mbili, na tangu hapo nimeshindwa kuketi.

Siku moja nilipokuwa mtoto, mama alikuwa amekwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto. Nzige walikuwa wamepita, na mboga yetu ilikuwa kunde chache zilizochipuka baadaye katikati ya mtama. Wadudu weusi, wadogo kama vumbi, walikuwa wamefunika mashina. Mama aliniagiza ninyunyize jivu kabla umande haujakauka.

Nilimaliza mapema, na mimi sikujua kukaa bure. Nikaanza kuokota kwenye kunde wadudu wekundu wenye madoa, nikidhani nao ni waharibifu, nikawaponda kwenye kigae cha chungu kilichovunjika mmoja baada ya mwingine. Kisha nikawa natoka, naingia, natoka tena kumtazamia mama aje anisifu.

Alitua kibuyu cha maji, akatazama kigae. Hakunipiga.

"Hawa ndio hula wale weusi," alisema. "Sasa tutakula nini? Nenda kwa jirani ukaombe wengine, kama unavyoomba moto."

Nilikimbia hadi ng'ambo ya bonde, nikasimama mlangoni na kigae changu. Yule mama jirani alikiona tu, akainama mekoni kunichagulia kaa zuri.

"Si moto, mama," nikamwambia. "Nimekuja kuomba wadudu. Wetu nimewaua."