Tiketi ya Mama Mmoja

Luqmani alipokuwa mdogo, akiita "mama" uani, waliitika wawili. Safia aliitika kwa kuwa ndiye aliyemzaa. Mwamvita, wifi yake Safia, aliitika kwa kuwa ndiye aliyemnyonyesha. Safia alipojifungua alishikwa na maradhi akapelekwa Dar es Salaam, na Mwamvita, aliyekuwa na Warda wake mchanga, akampakata na mtoto wa kaka yake. Warda kulia, Luqmani kushoto, hadi wakaota meno. Nyumba zao hapo kisiwani Juani zinatazamana, na mtoto alikula popote palipotangulia kufuka moshi.

Kwa hiyo habari ya tiketi ilipokuja, Mwamvita alidhani jambo hilo lina mazungumzo. Luqmani sasa ni mhudumu wa mezani kwenye meli ya watalii, zile kubwa zinazozunguka bandari za Ghuba watu wakistarehe tu, hazina shehena wala hazina haraka. Kampuni humruhusu mfanyakazi kumleta mzazi mmoja kwa nauli nafuu, akae wiki nzima kama abiria. Luqmani akampigia simu baba yake, akasema, "Mwambie mama ajitayarishe." Hakuna aliyeuliza mama yupi.

Hilo ndilo lililomkaa Mwamvita kooni. Siku Safia aliposindikizwa kwenye boti ya kuvukia Utende, watu walisoma dua, wengine wakafuta machozi. Mwamvita alituma salamu kwamba kichwa kinamgonga. Alikuwa uani kwake, anachambua mchele aliokwisha kuuchambua.

Safia aliporudi, wanawake walikusanyika barazani kwake na kamba zao, maana mwani haungoji hadithi. Ilibidi ufungwe kipande kwa kipande, upelekwe kwenye shamba la baharini maji yakitoka. Mwamvita alifika wa mwisho. Akakaa karibu na mlango, akavuta kamba yake.

"Hebu tuambie, ina ghorofa ngapi?" aliuliza Chiku, jirani yao.

"Kumi na tano. Unapandishwa kwa lifti. Na juu kabisa kuna bwawa la kuogelea."

"Bwawa, na bahari yote ile chini?"

"Ndiyo. Bahari wanaitazama tu."

"Basi sisi ni matajiri," Chiku alisema, "tunaoga humohumo."

"Na kitanda changu kilitandikwa na mwanamume. Siku ya kwanza nilikitandika mwenyewe. Akaja, akakivuruga, akakitandika upya."

Wakacheka wote isipokuwa Mwamvita.

"Na kibla, wifi?" aliuliza. "Au huko watu hawasali?"

"Luqmani aliniwekea kwenye simu. Meli ikigeuka, mshale nao unageuka."

"Alhamdulillahi. Maana nilikuwa na wasiwasi nawe."

"Wifi wa watu ana huruma," Chiku akadakia. "Na kichwa, kimepoa?"

Mwamvita alikaza uzi hata ukaukata mwani, kipande kikaanguka miguuni pake. Akafunga kingine. Kila kitu alichokitaja Safia, yeye alijivika. Lifti aliipanda yeye, shuka zile nyeupe alizilalia yeye, na aliyekuwa akitembea ubavuni pake akimwonyesha taa za Maskati alikuwa Luqmani.

"Basi mlikuwa mkila pamoja," alisema, "wewe na mwanao."

Neno "mwanao" alilitoa kama mtu anayetoa mwiba wa samaki mdomoni. Safia akaiweka kamba chini.

"Mfanyakazi haruhusiwi kukaa na abiria," alisema. "Nilikaa peke yangu kwenye meza ya kitambaa cheupe, Luqmani akaja amefunga tai. Msimamizi wake alikuwa nyuma. Akainama, akaniuliza kwa Kiingereza kama anavyowauliza wote, 'Madam, nikuletee supu?' Madam! Baadaye namwona amebeba sahani mpaka zinamfika kidevuni, nikainuka nikampokea. Nani atamwacha mtoto abebe vile naye amekaa? Nikazipeleka hadi mlango wa jikoni. Msimamizi akamgombeza mbele za watu. Tangu hapo nikawa nakula ndizi chumbani."

Mwamvita aliisubiri furaha, kwa kuwa tangu boti ile iondoke alikuwa akiombea habari mbaya. Ikaja kweli, akaionja.

"Siku ya mwisho alipewa ruhusa aje kuniaga," Safia aliendelea. "Akakaa chini, akalaza kichwa pajani pangu. Hata viatu hakuvua. Alichoka, akalala, nikawa namkuna kichwa tu."

Pale pale furaha ile ikamtoka Mwamvita. Ghorofa kumi na tano angeweza kuzisamehe. Paja lile hakuliweza.

"Anasema mwakani niende tena," alisema Safia. "Siendi. Kuhudumiwa na mtoto niliyemzaa mwenyewe, huku ananiita madam! Uchungu wake hamuujui."

Mwamvita alimaliza fundo lake kwanza.

"Basi mwambie anipeleke mimi."

"Wifi, hukusikia? Atakuita madam."

"Aniite," alisema Mwamvita, macho yake yakiwa kwenye kamba. "Nitaitika."