Kuchopoa Chipu Zilizoshikwa na Chumvi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Changamwe, Fundi Mkuu alininyang'anya bisibisi mkononi. Nilikuwa nimeajiriwa kufuta vioo vya mashine za pinboli, zile meza za mchezo ambamo gololi ya chuma hupigwa kwa mabawa mawili isianguke shimoni. Niliona mashine iliyoachwa wazi, nikataka kubandua chipu moja nione kuna nini chini yake.

"Mimi umeniamkia vizuri, mwanangu," alisema. "Hiyo chipu je? Umeshika chuma kwanza?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba mwili hubeba umeme mdogo ambao sisi hatuuhisi, lakini chipu huweza kufa nao. Kwa hiyo unachomoa waya ukutani, kisha unashika fremu ya chuma ya mashine, ndipo unagusa bodi, ile sahani inayobeba chipu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami niliacha shule darasa la saba ili wadogo zangu watatu wasome. Tuliishi chumba kimoja Mikindani, na sote tulikula kwa kazi ile.

Nilifuta vioo miaka miwili huku nikitazama mikono ya wengine, hata nikapewa bodi. Bodi ikiungua, chipu zake mara nyingi huwa nzima. Bodi mpya huja na soketi tupu, yaani vitako vyenye matundu ya kuingizia miguu ya chipu bila kulehemu. Kazi ni kuzihamisha. Kwanza unachora kila chipu ilivyokaa, hasa upande wenye pengo dogo, kwa sababu ukiigeuza itaungua mara tu unapowasha. Kisha unapenyeza bisibisi bapa kati ya chipu na soketi, unainua kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka itoke imelala sawa.

Baadaye nilipelekwa Likoni, kwenye ukumbi wa michezo karibu na ufuo. Hewa ya chumvi ilikuwa imeotesha kutu ya kijani kwenye soketi, na miguu ya chipu ilishikana nazo. Kwa mashine za huko Fundi Mkuu alikuwa na utaratibu wake: unatia tone la spiriti kila upande, unaagiza kahawa, na huigusi chipu mpaka kikombe kiishe, spiriti iwe imepenya kutu.

Idi pili ukumbi ulijaa watoto, na mashine kubwa ikazimika; bodi yake iliungua, nasi tulikuwa na mpya. Nilikuwa nimetia spiriti, nimeshika kikombe, Msimamizi wa ukumbi alipotokea.

"Ehe! Fundi yuko barazani! Tukuletee na kaimati?"

Watu walicheka. Nikaweka kikombe chini, nikainua chipu. Nilisikia mlio mdogo, kama jino la kitana linalokatika. Mguu mmoja ulibaki ndani ya soketi. Ilikuwa chipu ya programu, yenye mchezo wote, na hatukuwa na nyingine.

Mutua, mwenzangu kutoka Ukambani, aliinama akaona. "Dada, ihamishe tu hivyo hivyo. Ikikataa, sema bodi mpya imekuja mbovu. Nani atajua? Una watoto wa kulea wewe."

Alisema kweli, hakuna ambaye angejua. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikampigia Fundi Mkuu.

"Nimevunja mguu."

"Wako au wa chipu?"

"Wa chipu ya programu. Sikungoja."

"Usiiguse. Nakuja."

Alivuka feri, akafika, akanipa waya mwembamba kama unywele, uwe mguu mpya. "Lehemu wewe." Nikashika chuma cha kulehemu haraka. "Ngoja utulie," alisema, akangoja nami. Mashine iliwaka. Kesho yake alinirudisha Changamwe, kwenye vioo, kwa miezi mitatu. Nyumbani niliwaambia wadogo zangu kwamba nimepunguziwa kazi, si kwamba nimefukuzwa, na wakalala.

Miaka mingi baadaye, alipokuwa anastaafu na kunikabidhi karakana tuliyokuwa tumehamia Kisauni, nilimuuliza kwa nini hakunifukuza siku ile.

"Ungeniambia bodi mpya ni mbovu, kama wasemavyo wengine, wallahi ningekuamini," alisema. "Ningeitupa bodi nzima, na ile chipu pamoja nayo, nikalala usingizi wangu. Hilo ndilo lililonitisha njia nzima kwenye feri."

Sasa nami nimestaafu, naishi Mishomoroni. Kisauni niliwasimamia mafundi wengi, na mara nyingi waliniletea bodi mpya wakisema zimekuja mbovu. Niliwauliza vizuri, kwa upole, nikiwapa nafasi ya kusema. Wachache walisema. Waliobaki niliwaamini, nikazitupa bodi zao, na mpaka leo sijui ngapi zilikuwa nzima.