Nyanya ya Kitambaa Cheusi

Usiku ule Bibi alipokuja hakuja na sanda, wala mwanga, wala ile harufu ya udi wanayoisimulia watu wakitaka kuwatisha watoto. Alikuja na ndoo ya samadi. Kanga kaifunga kiunoni, miguuni kavaa ndala zake za rangi mbili, kwa sababu pea ya kwanza mbwa alikimbia na moja, na pea ya pili moja niliificha mimi. Akaingia kwenye bustani yetu ya nyuma ya nyumba kama mtu aliyekuwa ametoka dukani mara moja, na mimi nikawaza, loh, huyu si tulimzika?

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Hakuitikia.

Hapo nikajua mambo si mazuri. Bibi Sikudhani alikuwa anaitikia shikamoo hata ya mlevi aliyelala mtaroni. Akapita mbele yangu, akaweka ndoo chini, akainama kwenye tuta la kwanza na kuanza kazi, kanipa mgongo.

Ngoja niseme kwanza kwa nini alikuwa na haki ya kunipa mgongo.

Mimi na Bibi tulikuwa tunaitana mke mwenza. Babu alikufa kabla sijazaliwa, lakini kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa hiyo tulikuwa wajane wawili tunaogombea marehemu. Yeye alisema Babu alimpenda mpaka dakika ya mwisho. Mimi nilisema Babu aliwahi kufa ili aukimbie ugali wake. Ndala ilirushwa, nikakwepa, tukacheka. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu kila siku nikitoka shule, yeye kwenye matuta, mimi kwenye ngazi ya jikoni na daftari ambalo silisomi.

Bustani ilikuwa ya nyanya. Huku kwetu Lushoto nyanya zinaota hata kwenye gunia lililotupwa, lakini za Bibi zilikuwa na majina. Mgambo ni zile ndefu, nyekundu, ngumu, zinakaa kwenye sinia kama zinasubiri kukaguliwa. Ganda lake fundi anaweza kukuzibia kiatu. Shanga ni vile vidogo vinavyozaa vichala vichala hata usipovimwagilia, watoto wa mtaa walikuwa wanapita wanachuma kama pipi. Na kulikuwa na Ya Mama. Hiyo ilikuwa ya njano, nene, ina mikunjo kama boga. Mbegu yake Bibi alipewa na mama yake siku anaolewa, imefungwa kwenye pindo la kanga, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Kila msimu Bibi alimwaga mbegu zote kitaluni bila kubakiza, kisha akagawa miche mtaa mzima. Watu walipanda, walikula, walisahau. Nani ahangaike kuhifadhi mbegu wakati Bibi yupo?

Sheria ya bustani ilikuwa moja. Nyanya nzuri kuliko zote kwenye mti hailiwi na mtu. Inafungwa kipande cha kanga kwenye kikonyo: chekundu kwa Mgambo, cheupe kwa Shanga, cheusi kwa Ya Mama. Inaachwa mpaka iive ile ya kuiva. Ndipo inakamuliwa mbegu kwenye kikombe, zinakaa humo siku tatu mpaka zinatoa povu na kunuka kama soksi za mabweni, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye karatasi ya daftari. Zikishakauka, mbegu za nyanya zote ni sawa. Hata Bibi mwenyewe hakuweza kuzitofautisha kwa macho. Ndiyo maana ya vitambaa.

Msimu ule mvua haikukata. Ugonjwa wa baka ukaingia mtaa mzima, majani yakawa meusi kama yamebabuliwa na moto. Ya Mama ukabaki mti mmoja, kwenye mti nyanya tatu. Mbili zikapasuka. Ya tatu Bibi akaifunga kitambaa cheusi, na wiki hiyohiyo kifua kikamlaza.

Nikaila.

Hakuna maelezo marefu. Nilikuwa na Neema, rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja, tumetoka shule, tuna njaa, na ile nyanya imekaa pale inang'aa kama taa. Neema akasema, "Huthubutu." Mimi ukiniambia sithubutu umeshanimaliza. Nikaichuma, nikaikata kwa wembe wa kuchongea penseli, tukaipaka chumvi na pilipili ya unga tuliyobakiza kwenye maembe mabichi, tukaila pale pale nyuma ya choo tukicheka mpaka machozi. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyomwambia Bibi akipata nafuu. Mke mwenza, nimekula chakula chako kama nilivyokula ujana wa mume wako. Angerusha ndala zote mbili.

Kesho yake akaniita kitandani. "Mke mwenzangu, ile ya kitambaa itakuwa imeiva. Kaikamue."

Nikaenda bustanini. Nikachukua Mgambo moja ambayo haijaiva sawasawa, rangi yake ya chungwa, nikaikamua mbegu kikombeni, nikamletea. Bibi akaegemea mto, akakisogeza kikombe puani, akafumba macho. Akatabasamu.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Nilitakiwa niseme pale pale. Sikusema. Niliona atakufa kwa hasira, nikamwacha afe kwa furaha, na siku ya tisa akafa kweli. Kabla ya hapo alimwita binti yake mdogo, Mama Mdogo Rukia, mbele ya majirani, akamkabidhi kile kikaratasi kilichofungwa kitambaa cheusi. "Hii ni Ya Mama," akamwambia. "Isipotee."

Mama Mdogo ni mtu asiyejua kupaza sauti. Alisia zile mbegu kana kwamba anazilaza watoto, akagawa miche nyumba kumi na moja. Na miezi ilipofika, mtaa mzima ukaiva Mgambo.

Sasa sikia mdomo wa watu. Jirani yetu Mama Hoza alisema bombani, ndoo yake haijajaa hata nusu: "Rukia kauza mbegu ya marehemu, sisi katugawia takataka." Mama yangu, dada yake wa tumbo moja, alimwambia mbele yangu, "Kitu kimoja tu mama alikukabidhi. Kimoja!" Mama Mdogo akaacha kwenda bombani mchana. Jioni moja nikamkuta jikoni amekunjua kile kikaratasi kitupu, anakigeuza huku na huku. Akaniuliza mimi, mimi Zuhura, "Au nilichanganya? Labda siku ile ya kusia nilichanganya, eti?"

Nikafanya mzaha. Nikamwambia labda nyanya zimebadili dini. Akacheka kidogo ili nisijisikie vibaya.

Basi, ndiyo huyo Bibi aliyekuja na ndoo ya samadi.

Nikamfuata tutani. Nilitaka kumchokoza ili ageuke, nikasema, "Mke mwenza, vipi, mume kakufukuza huko?" Sauti yangu ikatoka nyembamba, ya mtoto wa chekechea. Hakugeuka. Nikaona anafunga vitambaa. Kila nyanya kwenye kila mti inafungwa kitambaa cheusi, na kila anapofunga anararua pindo la kanga aliyovaa, na kanga haiishi. Nyanya zote ni nyekundu. Nataka kumwambia, Bibi, hizo siyo, hizo ni Mgambo, usijichoshe. Mdomo hausogei. Anafunga. Anafunga kwa uangalifu uleule, fundo moja, halafu anaipigapiga nyanya kidogo kwa kiganja kama anayembembeleza mtoto wa watu.

Halafu hakuna matuta tena, ni uwanja wa shule yetu, tumepanga mstari asubuhi na jua limesimama palepale. Mbele, kwenye kokoto, Mama Mdogo Rukia amepiga magoti, mikono juu, na kwenye kiganja kimoja ana kile kikaratasi. Mtaa mzima umo mstarini na sare za shule. Mama Hoza sketi imembana. Mwalimu hayupo. Anayezungumza ni mimi. Nimesimama kwenye jiwe la bendera nasimulia kile kichekesho cha nyanya kubadili dini, nasimulia tena na tena, na kila nikimaliza watu wanacheka, na kila wakicheka mikono ya Mama Mdogo inashuka kidogo, na yeye anaipandisha. Kokoto zimeshaanza kumtoa damu. Najua nikinyamaza watamwacha. Sinyamazi, kwa sababu wanacheka, na mimi nikichekewa siwezi kushuka.

Mkono ukanigusa begani. Unanuka povu la kikombe.

Tuko chumbani kwa Bibi. Amekaa kitandani, mto mgongoni, kama siku ile. Sasa ananitazama. Hajakasirika, na hilo ndilo lililonitia baridi, maana ndala zipo pale chini, zote mbili, karibu kabisa na mkono wake, na hazishiki.

"Ilikuwa tamu?" akaniuliza.

"Tamu sana, Bibi."

"Tamu vipi?"

Nikafungua mdomo. Natafuta. Nakumbuka wembe, nakumbuka Neema anavyopenga kamasi kwa pilipili, nakumbuka kucheka. Ladha ya ile nyanya sina. Napapasa kwa ulimi pembe zote za mdomo na ninazopata ni mbegu, kavu, hazina rangi, zinajaa kwenye meno, nazitema kiganjani moja moja na zote ni sawa.

Bibi anangoja. Anangoja kama mtu mwenye njaa anayesikiliza sufuria.

"Mimi yenye kitambaa sikuwahi kuionja," akasema. "Nilikuwa nakula zilizopasuka. Mama yangu naye alikula zilizopasuka."

Nataka kumwambia samahani, lakini mdomo umejaa.

Akainama, akachukua ndala zake. Nikafumba macho ili zinipate. Akazivaa. Akashika ndoo, ikawa tupu na nyepesi, akaenda hadi mlangoni, na pale ndipo aliposema neno la mwisho, akiangalia nje, siyo kwangu.

"Mimi usiniambie. Kamwambie Rukia ladha yake."

Nikamkimbilia ili aniite mke mwenza, hata mara moja tu. Mlango ukawa shuka langu, na mimi niko kitandani nimelishika kwa meno.

Nje kulikuwa kumeanza kupambazuka. Ukungu umekaa bustanini mpaka kiunoni, na ndani ya ukungu nikasikia kitu kinang'oka, halafu kingine. Nikatoka bila viatu. Mama Mdogo alikuwa anang'oa fito zilizoegemeza nyanya, anazitupa pembeni rundo moja, kisha anang'oa na miti yenyewe, Mgambo zikiwa bado zimejaa juu yake. Alikuwa amechagua saa ambayo hakuna jirani wa kumwangalia.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Mbona mapema? Rudi ukalale."

"Nimemwota Bibi."

Akasimama, ufito mkononi. "Amesema nini?" Kisha akauliza tena, polepole, kama anayeogopa kujibiwa: "Amenikasirikia?"

"Amenituma kwako. Amesema nikwambie ladha ya Ya Mama. Ile yenye kitambaa."

Uso ukamkunjamana. "Zuhura, mwanangu, leo nakuomba. Mizaha yako siiwezi leo."

"Sifanyi mzaha."

"Wewe huwa hufanyi mzaha lini?"

Nikamweleza. Nikaanza na wembe nikamaliza na kikombe, na Bibi alivyokinusa na kutabasamu, na nyumba kumi na moja, na jioni ile aliyoniuliza kama alichanganya. Nilisema haraka, nikiangalia vidole vyangu vya miguu kwenye udongo. Nilipomaliza hakunipiga, hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye tuta, juu ya miti aliyoing'oa, nyanya zikapasuka chini yake na hakujali kanga yake.

Ukungu ukashuka magotini. Mama yangu alianza kufagia upande wa mbele, tukamsikia, na mimi nikajua nitakaporudi ndani nitamweleza yeye pia, na baadaye bombani, mbele ya ndoo zote.

"Haya," Mama Mdogo akasema mwishowe. "Umetumwa. Nipe nilicholetewa. Ilikuwa na ladha gani?"

Nikajaribu. Wallahi nilijaribu, mara ya mwisho.

"Chumvi," nikamwambia. "Chumvi na pilipili."